Jina Katika Mstari wa Mwingine

Kila asubuhi, kabla hata hajavua sweta, Sajini alifanya kazi ileile kwa mpangilio uleule. Aliwasha kompyuta, akachomeka birika la umeme karibu na dirisha, na maji yalipoanza kuguna akafungua orodha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya watu waliopotea, na hiyo ilikuwa yake. Ya pili ilikuwa ya watu waliopatikana, na hiyo aliletewa na wengine. Waliopatikana walikuwa wa kila namna: waliolazwa hospitalini bila ndugu, waliookotwa wamelala stendi, waliokaa mahabusu za vituo vingine wakikataa katakata kutaja kwao. Kisha Sajini aliandika fomula kwenye kisanduku cha kwanza cha safu tupu, akaishika kwa ncha na kuiburuta hadi chini.

Fomula ile ilikuwa na kazi moja. Ilichukua jina la aliyepotea, ikaenda nalo kwenye orodha ya pili, ikabisha hodi mstari kwa mstari. Ikilikuta, irudi na habari iliyoandikwa mwisho wa mstari ule, yaani nani amemchukua mtu huyo. Isipolikuta, irudi na neno ambalo Sajini aliifundisha mwenyewe, maana zile alama za makosa ambazo kompyuta hupenda kuandika zilimchoma macho. Neno lenyewe lilikuwa HAKUNA.

Hakuna. Hakuna. Hakuna. Ndivyo safu ilivyomjibu siku zote, na yeye akaisoma hadi chini akinywa chai, bila kuruka hata mmoja, kama mtu anayepita kutoa pole nyumba hadi nyumba. Chumba kilikuwa na meza mbili. Mwenzake alihamishwa zamani na hakuletwa mwingine. Sajini alizoea kuweka mkoba wake kwenye kiti kile cha pili ili kisionekane kitupu.

Siku hiyo ya Jumanne kikombe hakikufika mdomoni. Katikati ya hakuna zile zote, mstari mmoja ulikuwa umejibu.

MPWA WAKE.

Sajini aliweka kikombe chini. Jina la mstari ule alilijua kwa moyo. Alikuwa fundi cherehani, mzee, mjane, aliyefunga banda lake Jumatano ya wiki iliyopita na hakuonekana tena. Binti yake alikuwa akipiga simu kila siku, asubuhi na jioni. Na orodha iliyojibu ilikuwa ya hospitali kuu, ambayo mtandao wake ulikuwa umeharibika kwa muda mrefu na leo ndiyo kwanza ilikuwa imefika. Ilisema fundi alilazwa pale, na Jumamosi akachukuliwa na mpwa wake.

Lakini mpwa wa fundi, alipohojiwa Jumatatu, alikuwa amesema hajamtia mjomba wake machoni kwa zaidi ya mwezi.

*

"Mlete," alisema Mkuu wa kituo, hata kabla Sajini hajamaliza kueleza. Alikuwa mtu mnene, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kuamua. "Njia ya mwongo ni fupi. Jana kasema hajamwona, leo hospitali inasema kamchukua. Unataka nini tena?"

"Nataka kujua amempeleka wapi, Afande."

"Atasema. Na kompyuta, Sajini, haina mjomba wala shangazi. Haimwonei mtu."

"Haimwonei, Afande. Lakini inaamini kila inachoambiwa."

Mkuu alicheka. "Kama mama mkwe wangu. Nenda kamlete."

Mpwa aliletwa akiwa bado na tepu ya kupimia shingoni na vipande vya uzi kwenye magoti ya suruali. Alikuwa kijana wa makamo ya kuoa ambaye hajaoa, mrefu, mabega yameinama kwa kazi ya kuinamia. Sajini alimketisha ng'ambo ya meza.

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Chumbani kwangu. Nilikuwa nashona."

"Na nani?"

"Na cherehani."

"Nakuuliza nani alikuona."

"Nani anione, Afande? Wateja huleta nguo Jumatatu, huchukua Ijumaa. Jumamosi ni mimi na ukuta. Redio nayo imekufa."

Sajini alizijua Jumamosi za namna hiyo. Aliandika: *hakuna shahidi*.

"Mjomba wako ana wapwa wangapi?"

"Mimi tu. Marehemu mama ndiye aliyekuwa dada yake wa pekee, na mama alinizaa peke yangu."

"Mligombana?"

Mpwa aliishika ncha ya tepu, akaanza kuizungusha kidoleni. "Tuligombana. Nilimwambia macho yake yamechoka, anakata vitambaa upogo. Nikamwambia aniachie mimi kukata, yeye aketi mbele apokee wateja. Akasema naanza kumzika angali anapumua. Nikabeba mashine yangu, nikatoka."

"Ukarudi?"

"Nilikuwa nangoja aniite. Na namjua mjomba. Yeye alikuwa anangoja nirudi."

Sajini akamrushia neno kwa ghafla, kama mtu anayefungua mlango kwa teke. "Hospitali kuu wameandika kwamba Jumamosi mjomba wako alichukuliwa na mpwa wake."

Mpwa alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Hospitali? Mjomba yuko hospitali?"

"Alikuwa."

"Anaumwa nini? Ameumia? Afande, anaumwa nini?"

Sajini aliandika hilo pia, akalipigia mstari. Kwa miaka yake ya kazi alijua kwamba mtu uliyembana kwa shahidi huuliza kwanza, "Nani kasema?" Huyu hakujali nani kasema. Alichouliza ni mzee anaumwa nini.

Lakini swali, hata liwe zuri namna gani, si ushahidi. Mpwa alipelekwa mahabusu, na tepu yake ikawekwa kwenye bahasha pamoja na mkanda na kamba za viatu.

*

Binti wa fundi alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, na alikuja mbio kutoka darasani, rangi ya maji ingali kwenye vidole vyake. Alikataa kuketi.

"Ni yeye, si ndiyo? Mmemkamata?"

"Tunamhoji, dada."

"Msimhoji. Mwambieni aseme amemweka wapi. Nilijua mimi. Toka siku ya kwanza nilisema, huyu anajua."

"Ni binamu yako. Mmelelewa nyumba moja."

"Tumekula sahani moja," alisema Binti. "Ndiyo maana namjua."

Sajini alifungua jalada, akageuza ukurasa wa taarifa ambayo Binti mwenyewe aliitia saini. Jambo moja lilikuwa likimkereketa tangu asubuhi. Fomula ilimletea neno moja tu, lile aliloiagiza. Baadaye alipokwenda kuusoma mstari mzima kwa macho yake, alikuta tarehe.

"Dada, hapa umesema Jumatano ulimpelekea baba chakula cha mchana bandani."

"Ndiyo."

"Mkala pamoja."

"Ndiyo. Alilalamika chumvi imezidi."

"Hospitali wanasema amelazwa tangu Jumatatu. Siku mbili kabla."

Macho ya Binti yalikimbilia dirishani, yakarudi.

"Basi ilikuwa Jumatatu."

"Ulisema Jumatano. Mara mbili."

"Nilikosea. Andika Jumatatu."

"Ulisema Jumatano watoto huondoka mapema, ndipo unapata nafasi ya kwenda kwake. Jumatatu huwa uko darasani hadi jioni."

"Afande, wewe si unataka mambo yalingane?" Sauti yake ilipasuka. "Basi mimi nakulinganishia! Jumatatu, Jumatano, itasaidia nini? Amemchukua. Imeandikwa. Mwulizeni tu amemweka wapi, mwende mkamlete."

Sajini alikuwa ameona mashahidi wakibadili siku ili kujiokoa. Hakuwa amewahi kuona anayebadili siku ili kuipa nguvu karatasi ya hospitali. Alifunga jalada bila kuandika kitu.

Mkuu alipoambiwa alitikisa mkono. "Mtu mwenye majonzi hupoteza hata jina lake, sembuse siku. Kesho asubuhi kijana anakwenda mahakamani."

"Kwa neno moja kwenye kisanduku, Afande?"

"Kwa neno moja, kwa ugomvi, na kwa mzee ambaye hayupo. Umepata jingine?"

Sajini alichukua jalada, akatoka.

*

Alirudi chumbani kwake. Birika lilikuwa limepoa. Kutoka korido zilisikika sauti za watu wakienda kula mchana, wawili wawili, watatu watatu, wakitaniana; zikapita mlango wake bila kupunguza mwendo, zikaisha.

Sajini aliketi mbele ya orodha ya hospitali. Mpaka hapo alikuwa akiiuliza swali moja tu. Sasa aliandika fomula nyingine, iliyomletea kila kitu cha mstari ule wa fundi: namba ya kitambaa cha mkononi, tarehe, jinsia, umri, wodi. Umri ulisema hamsini na kitu. Fundi alikuwa wa sabini. Hilo halikumshtua sana, kwani umri wa mtu aliyeletwa hajitambui huandikwa kwa kukadiria, na hofu humpunguzia mtu miaka au kumwongezea. Lakini tarehe haikadiriwi. Mtu huingia siku anayoingia.

Akaacha mstari wa fundi, akaanza kusoma majirani zake. Wa juu yake. Wa chini yake. Wa chini tena. Na hapo akasimama, akasogeza uso karibu na kioo.

Mwanamume, kwa jina ambalo hakuna mzazi aliyewahi kumpa binti, alikuwa amelazwa wodi ya wazazi. Hali yake iliandikwa: *amejifungua salama, mtoto wa kike*.

Sajini alicheka peke yake, kwa sauti. Kicheko kilikwenda kikagonga ukuta, kikamrudia, naye akanyamaza. Alisogea nyuma kwenye kiti. Hakutazama tena mtu mmoja mmoja; alitazama safu, kama mtu anayetazama ukuta kuona kama umejengwa wima.

Safu ya tarehe ilishuka vizuri kutoka siku ya kwanza ya mwezi hadi jana. Safu ya namba za vitambaa nayo ilishuka vizuri, namba ndogo juu, kubwa chini. Ndivyo inavyopaswa kuwa, kwani kila anayeletwa hupewa namba inayofuata. Kisha akatazama safu ya majina. Ilianza kwa A. Ikaja B. Ikaja C na wenzake, ikashuka taratibu kwa adabu hadi Z.

Watu hawapati ajali kwa mpangilio wa herufi. Hakuna kiharusi kinachosimama mlangoni na kuita majina kama mwalimu wa zamu. Kama tarehe zimepangika na majina pia yamepangika, moja kati ya safu hizo mbili imeguswa na mkono wa mtu. Na mkono huo uliyainua majina yote kwa pamoja, ukayapanga upya, ukayarudisha juu ya mistari, na mistari yenyewe ikabaki pale pale. Kila mtu alikuwa amevishwa maisha ya mwingine.

Chini kabisa ya orodha palikuwa na majina machache yasiyofuata mpangilio wowote. Sajini alitazama tarehe zao. Yote yaliingia Jumamosi na kuendelea. Kwa hiyo mkono ule ulifanya kazi yake Ijumaa, na baada ya hapo haukurudia.

Sasa alijua kwamba orodha inadanganya. Alichokuwa hajakijua bado ni ukweli uko wapi. Jina lilikuwa limempoteza. Akahitaji kitu kingine cha kushika, kitu ambacho hakingeweza kupangwa na mtu mwenye nia njema. Akakitazama kile kilichokuwa mbele yake muda wote, safu ya kwanza kabisa, ile asiyowahi kuisoma. Namba za vitambaa.

Vitambaa vile vya plastiki havivalishwi hospitalini. Watu wa gari la wagonjwa humfunga mgonjwa mkononi njiani, ndani ya gari. Basi na wao lazima waandike mahali.

Akapiga simu. Aliyepokea alikuwa mratibu wa magari, mzee wa sauti nene.

"Orodha yetu?" alisema. "Namba, jina, mahali tulipomwokota?"

"Hiyohiyo, mzee wangu."

"Mwanangu, toka niajiriwe hakuna mtu aliyewahi kuiomba. Nilidhani naandikia panya."

"Leo umepata msomaji."

"Haya, nakutumia. Ukikuta makosa usiniambie, nina shinikizo la damu."

Orodha ilipofika, Sajini aliiweka kando ya ile ya hospitali na kuandika fomula yake upya. Safari hii hakuituma na jina. Aliituma na namba: nenda na namba hii ya kitambaa, itafute kwa wenzetu, niletee jinsia waliyoandika wao. Kisha kwenye safu ya jirani akaiuliza kama jinsia zote mbili zinafanana, ijibu ndiyo au siyo. Akaiburuta hadi chini.

Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Jinsia zilikubaliana, tarehe zikakubaliana, umri nao ukakaribiana. Halafu akauliza kuhusu majina.

Siyo. Siyo. Siyo. Siyo. Kuanzia juu hadi wale wa Ijumaa, wote, isipokuwa wawili watatu ambao bahati iliwaangusha kwenye mistari yao wenyewe.

Alipumua. Kisha akalichukua jina la fundi na kulitafuta kwa watu wa gari. Lilikuwepo: *Jumatano, alasiri, ameanguka kando ya barabara, kitambulisho mfukoni*. Akaichukua namba ya kitambaa chake, akarudi nayo hospitalini. Mstari uliofunguka ulikuwa mwingine kabisa, wenye jina la mtu mwingine kabisa. Wodi ya wanaume. Kitanda cha dirishani. *Upande wa kulia umepooza. Hasemi.*

Akasogea hadi kisanduku cha mwisho, kile cha aliyemchukua. Kilikuwa kitupu.

*

"Kwa hiyo mpwa aliyeandikwa ni mpwa wa mtu mwingine," alisema Mkuu polepole.

"Ni mpwa halali, aliyemchukua mjomba wake halali, wakaenda kwao; anayetoka huandikwa kwa namba ya kitambaa, ndiyo maana neno likaangukia jina la fundi. Hajatenda kosa lolote duniani. Wala huyu wetu."

Mkuu alikuna kidevu. "Na kama umekosea?"

"Naomba nitoke naye. Tukamwone aliyeko kwenye kitanda kile."

"Mtoe. Lakini akikupotea na huyo, utaniongezea mstari kwenye orodha yako."

Garini Binti aliketi mbele, Mpwa nyuma. Sajini aliwaeleza kwa maneno machache: kuna mgonjwa, huenda ni yeye, huenda siye, msijipe tamaa. Binti aliendelea kukwangua rangi kwenye vidole vyake mpaka vikawa vyekundu.

Ofisi ya kumbukumbu ilikuwa chumba chenye dirisha dogo la kuongea na watu na karani mmoja tu, msichana mwembamba mwenye sauti ya kunong'ona. Nje ya dirisha kulikuwa na foleni. Sajini aliingia kwa mlango wa nyuma na kumwonyesha safu ya majina bila kumgombeza.

"Nani alipanga haya, mdogo wangu?"

Karani alitazama, na uso wake ukaanza kubadilika kabla hajaelewa kwa nini.

"Mimi. Ijumaa. Ndugu wanakuja hapa dirishani wanalia, na mimi natafuta jina, natafuta, wao wamenikodolea macho. Nikasema nikiyapanga nitawajibu haraka."

"Kompyuta ilikuuliza kitu?"

"Iliniuliza kama nipange pamoja na safu za jirani. Nikajibu hapana. Nilitaka majina tu."

Majina tu. Sajini aliiona kazi yote ya wiki ndani ya maneno hayo mawili. "Na orodha za kwenye wodi?"

"Nilizichapa upya jioni ileile. Wagonjwa wote waliohamishwa kutoka mapokezi Jumamosi walikwenda na..." Alishika mdomo. "Wale walio mochwari, je?"

"Kuna mzee wa magari ya wagonjwa ana orodha safi. Ulinganishe kwa namba ya kitambaa, si kwa jina. Anza na walio hai. Halafu hao wengine. Na kabla hujaanza, mwambie mkubwa wako, leo hii. Ukingoja kesho utaogopa zaidi."

"Atanifukuza."

"Huenda. Mwambie hivyo hivyo."

Karani aliitikia kwa kichwa. Kisha akageukia dirisha, ambako mtu alikuwa amegonga, akasema, "Samahani, mama. Ngoja kidogo. Nisije nikakudanganya."

*

Wodi ya wanaume ilikuwa ndefu, vitanda vimepangwa pande mbili. Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa na kila kitanda kilikuwa na watu: mke na kikapu, watoto waliopandishwa kitandani, kaka wawili wakibishana kwa sauti ya chini. Kitanda cha dirishani tu ndicho kilichokuwa na kiti kitupu pembeni. Mzee aliyelala pale alikuwa amewapa watu wote kisogo.

"Huyo?" alisema muuguzi wa zamu, mama wa makamo mwenye viatu vya kimya. "Huyo masikini hasikii. Tunamwita kila asubuhi tukipita na dawa, hageuki. Tukimgusa ndiyo anatutazama. Nimeandika hapa kwenye chati, *hasikii*. Na hana mtu, toka alipoletwa."

"Mnamwitaje, Sista?"

Muuguzi alisoma jina lililokuwa kwenye karatasi yake.

"Hilo si lake," alisema Sajini.

Muuguzi alitazama karatasi, akamtazama mzee, akatazama karatasi tena. "Kwa hiyo siku zote hizi tunamwita..." Akaishusha karatasi ubavuni.

Binti alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, ameshika chuma chake kwa mikono miwili. Kutoka pale uso haukuonekana, ila nywele nyeupe na sikio. Mpwa alibaki mlangoni kabisa, nje ya mstari wa vigae ulioanzisha wodi, kama mtu anayesubiri aambiwe kama anaruhusiwa.

Sajini alimsogelea mzee. Angeweza kusema tu "baba," lakini wodi nzima ilikuwa na akina baba, na yeyote kati yao angegeuka. Alitaka ushahidi. Akalitamka jina la fundi, la kwake, la baba yake na la babu yake, yote matatu, taratibu na kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeita mteja wa zamu.

Kichwa cheupe kikageuka.

Kiligeuka kwa shida, shingo ikivuta bega zito lisilosaidia, mpaka jicho moja likampata Sajini, likamwacha, likashuka hadi miguuni pa kitanda. Upande mmoja wa uso haukusogea. Upande wa pili ulikunjamana wote kwa pamoja.

"Baba," alisema Binti. Alikwenda akapiga magoti kando ya kiti kile kitupu, akakamata mkono wenye kitambaa cha plastiki, akaubana kwenye shavu lake. "Baba. Baba, nimechelewa."

Mzee alitoa sauti isiyokuwa neno. Jicho lake lilikuwa limeshaanza kutafuta tena. Lilipita juu ya kichwa cha binti yake, likapita vitanda na vikapu na watoto, likafika mlangoni, likatulia hapo. Mkono wa kushoto, ule mzima, uliinuka kidogo kutoka kwenye shuka, ukaanguka.

Mpwa aliona. Aligeuza uso, akaufuta kwa kiwiko.

"Nitangoja nje, dada," alisema. "Kaeni kwanza nyinyi. Mimi niko hapo nje."

"Usiende."

Binti hakuinua kichwa. Aliyasema maneno yale dhidi ya mkono wa baba yake, na Mpwa ilibidi avuke mstari wa vigae, hatua kwa hatua, ili asikie. Sajini alirudi nyuma hadi ukutani na kufunga daftari lake.

"Nilikwambia maneno makali kwenye simu," alisema Binti. "Niliwaambia polisi."

"Najua. Yameisha, dada."

"Hayajaisha, sijayasema. Acha niyaseme." Sasa alimtazama. "Sikuamini hata siku moja kwamba umemdhuru. Wewe? Unayemfunika shuka hata ukiwa umemkasirikia? Nilikuwa nataka tu iwe wewe. Kila usiku naomba Mungu, jamani, iwe ni huyu, awe amemficha, awe amemchukua kwa hasira akamweka chumbani kwake. Maana kama umemchukua wewe, basi yuko mahali. Amekula. Ana mtu wa kugombana naye." Alishika pindo la shati la binamu yake, kama anayeogopa litamponyoka. "Na kama si wewe, mdogo wangu, basi nilikuwa nimebaki peke yangu."